Mama Hifadhi na Faili la Alama za Kuuliza

Ukiingia masijala, chumba cha kumbukumbu cha hospitali, unasikia kibodi kabla hujamwona anayeipiga. Tiki tiki tiki, kisha tap-tap. Tiki tiki, kisha tap-tap. Ile tap-tap ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto na jirani yake vikibonyeza amri ya kuhifadhi, na ndiyo iliyomzalia jina. Wauguzi, madaktari, mpaka wagonjwa wa siku nyingi wanamwita Mama Hifadhi. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye barua yake ya ajira, barua iko kwenye kabati, na ufunguo wa kabati anao yeye. Kwa hiyo hakuna wa kulikumbuka.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Aliipata miaka ishirini na sita iliyopita, mwezi mmodi tu baada ya mashine za taipu kubebwa na kompyuta kuwekwa mahali pake. Siku hiyo alipiga orodha ya watoto wa chanjo, majina mia nne na kitu, tangu asubuhi mpaka saa nane mchana bila kuinuka hata kunywa maji. Alikuwa amebakiza majina sita umeme ulipokatika. Mkuu wa masijala wa wakati huo alimsimamisha mbele ya wenzake akamwambia, "Haya, tusomee. Si uliyaandika? Yatakuwa kichwani." Akasimama pale, mikono imeshikana mbele kama mwanafunzi aliyechelewa, akisoma hewa. Tangu siku hiyo, mstari mmoja, tap-tap. Wauguzi wanasema hata akipiga chafya anahifadhi.

Sasa ana miaka hamsini na minne. Kazi yake ni mafaili. Kuna yaliyoliwa na panya, yaliyolowa, yaliyochanika katikati jina likabaki huku na ugonjwa kule. Mletee nusu ya kadi ya kliniki, atakutafutia nusu nyingine au atakwambia ilisemaje, kwa kulinganisha tarehe, mwandiko na wino. Katika kazi hiyo hana mpinzani, na anajua.

Mdogo wake wa pekee ni fundi saa. Huyo naye ana jina lake: Sekunde. Si kwa sababu ya saa, ila kwa sababu ukimpelekea saa anakwambia, "Sekunde moja tu," halafu unakaa pale mpaka mchana unaisha. Ana kijichumba cha vioo kando ya duka la miwani, meza ndogo, taa ya shingo ndefu, na lenzi nyeusi anayoibana jichoni kama kifuniko cha chupa. Miaka kumi na minne iliyopita mshipa mmoja kichwani mwake ulivimba, ukawa karibu kupasuka. Bahati ikawa kwamba wiki hizo alikuwapo daktari mgeni kutoka Japani, aliyekuja na sanduku lake la vifaa. Akamfungua kichwa, akaubana mshipa kwa kibanio kidogo cha chuma, akafunga, akaenda zake kwao. Sekunde akarudi mezani kwake. Watu wakimuuliza hali, alikuwa akisema, "Nina kibanio cha nguo kichwani. Mawazo yangu hayapeperuki."

Mwaka huu akaanza kuona vitu viwili viwili.

"Naona skrubu mbili, dada," alimwambia Mama Hifadhi siku aliyokuja hospitali, kofia mkononi. "Kila nikishika, nashika ile isiyokuwepo."

Daktari wa vichwa, mwanamke kijana anayetembea haraka na kusema polepole, alipiga picha ya kawaida kwanza. Kibanio kiling'aa humo kama taa ya gari inayokuja usoni, kikaficha kilichokuwa nyuma yake. "Ninahitaji picha ya sumaku," alisema. "Lakini siwezi kumwingiza kabla sijajua kibanio ni cha metali gani."

"Kwani vina tofauti?" aliuliza Mama Hifadhi.

Aliyejibu ni Sekunde. Alitoa mfukoni sumaku ndogo anayookotea skrubu, akaiweka juu ya meza ya daktari. Akatoa kifuko cha plastiki chenye vipande vya saa. Alipoisogeza sumaku, springi moja iliruka kama panzi ikanasa. Kipande cha kasha la saa, cha rangi ya majivu, hakikutikisika.

"Hii springi ni chuma cha pua," alisema. "Hili kasha ni titani. Ile mashine yao ni sumaku kubwa kama chumba. Kama kibanio changu ni titani, kitalala. Kama ni chuma kinachoitika sumaku, kitaamka, dada. Na kimeshika mshipa."

Hakucheka aliposema hivyo. Mama Hifadhi aliitazama ile springi, akasema, "Daktari, nipe mpaka kesho. Kumbukumbu ni kazi yangu."

Faili la karatasi lilipatikana kabla ya saa sita, lakini lilikuwa limelowa mwaka ule tangi la darini lilipovuja. Ukurasa wa upasuaji ulikuwa ukungu mtupu. Maneno mawili tu ndiyo yaliyosomeka: kibanio kimoja.

Hakukata tamaa, kwa sababu alikuwa na akiba nyingine. Yule daktari mgeni aliandika maelezo yake kwa lugha yake, kwenye kompyuta yake mwenyewe, na siku ya kuondoka aliacha diski. Mama Hifadhi ndiye aliyeipokea. Yeye ndiye aliyenakili mafaili yake kwenye mashine ya masijala. Na yeye ndiye, miaka miwili iliyopita walipoambiwa wapunguze makorokoro, aliyeandika "diski kuukuu, boksi moja" kwenye orodha ya vitu vya kutupwa, akatia sahihi. Kilichobaki duniani ni ile nakala moja.

Akaifungua. Kioo kikajaa vurugu: herufi zenye mikia, zenye nukta kichwani, alama za fedha za nchi asizozijua, vikofia, mistari. Mama Hifadhi alisogeza miwani. Aliteremka ukurasa mmoja, akateremka wa pili. Hakikuwa Kijapani wala lugha yoyote ya watu. Alipofika mwisho, alirudi juu ili aanze tena, na kabla ya kurudi, mkono wa kushoto ulifanya ulichokuwa ukifanya kwa miaka ishirini na sita.

Tap-tap.

Programu iliuliza kitu kwa maandishi madogo. Vidole vikajibu ndiyo, kama vinavyojibu kila siku.

Alipolifungua faili upya, ile vurugu ilikuwa imeondoka. Mahali pake palikuwa na alama za kuuliza. Mstari kwa mstari, ukurasa hadi ukurasa, alama za kuuliza, na katikati yake herufi chache zilizotawanyika kama makombo. Alikaa akizitazama. Mtu akiona ukurasa wa namna hiyo ni kama anahojiwa: kwa nini, kwa nini, kwa nini.

Alikwenda kwa fundi wa kompyuta wa hospitali, ambaye wanamwita Fundi Waya kwa vile hata akienda kula ana waya shingoni. Hakumwonyesha faili. Alijiegemeza mlangoni, akauliza kama anayeuliza hali ya hewa.

"Fundi, hivi Kijapani kinaingiaje kwenye kompyuta?"

Fundi Waya anapenda kuulizwa. Aligeuza kiti. "Kwanza kompyuta haijui herufi, Mama. Inajua namba. Ukibonyeza A, yenyewe inaandika sitini na tano. B, sitini na sita. Herufi zetu zote, tarakimu, nukta na mikato, hazivuki mia moja ishirini na saba. Herufi moja, kisanduku kimoja. Kisanduku ndiyo baiti."

"Na wao?"

"Wao wana alama maelfu, na kisanduku kimoja mwisho wake ni mia mbili hamsini na tano. Zitaeneaje? Wakaamua alama moja ikae kwenye visanduku viwili." Alichora kwenye bahasha: ア. "Hii wanaitamka 'a'. Kwa mtindo wao wa zamani, kisanduku cha kwanza kina mia moja thelathini na moja, cha pili kina sitini na tano. Siku hizi dunia imekubaliana kila alama iwe na namba yake moja ya kudumu. Hii ni elfu kumi na mbili mia nne na hamsini, popote uendako. Lakini maandishi ya zamani yako kwa mtindo wa zamani, na usipoiambia kompyuta ni mtindo gani, inasoma ovyo."

"Kama programu yetu."

"Programu yetu iliandikwa na mtu aliyedhani dunia nzima inaandika kama yeye. Ikikuta namba iliyovuka mia moja ishirini na saba, kwenye kioo inajikaza ionyeshe chochote. Ukisema ihifadhi, inaitupa, inaweka alama ya kuuliza."

Mama Hifadhi alishika fremu ya mlango. "Na kama mtu, sijui nani huko, akihifadhi. Inarudi?"

"Itarudi wapi? Ilikuwa mia moja thelathini au mia mbili na kumi, nani ajue? Kuuliza ni kuuliza tu." Fundi Waya alirudi kwenye kioo chake. "Kwa Kijapani, Mama, aliyehifadhi ndiye aliyefuta."

Alishukuru, akaondoka. Kwenye korido alikutana na daktari, akaulizwa, "Vipi, tumepata?" Akasikia mdomo wake ukisema, "Bado nalishughulikia." Maneno hayo ameyasema mara elfu kwa watu waliokuwa wakisubiri kadi zao, na hajawahi kuyasema akiwa anaficha kitu.

Daktari aliandika barua pepe Japani. Jibu lilikuja siku ya tatu, la upole: yule daktari alikwisha kufariki, na kumbukumbu za safari zake za nje hazikuwekwa pale hospitalini kwao. Siku hiyohiyo Sekunde alianguka ngazi mbili akishuka kutoka kibandani, kwa sababu aliziona nne.

Mama Hifadhi alifunga masijala mapema, akaenda nyumbani kwa Sekunde. Wifi yake alimfungulia, akamkaribisha kiti, akamletea chai. Sekunde alikuwa kochini, kitambaa kimefunika jicho moja ili aone kitu kimoja kimoja.

"Karibu, dada. Leo uko peke yako. Jana mlikuwa wawili."

Hakuweza kucheka. Alitoa kwenye mkoba zile karatasi alizochapa, kurasa tatu, akaziweka juu ya meza. "Hili ndilo faili lako. Lilikuwa zima. Nililifungua, nikalihifadhi, likawa hivi. Hakuna nakala nyingine. Diski niliitupa mimi."

Wifi alisimama na birika mkononi. "Ulihifadhi kitu ambacho huwezi kukisoma?"

"Ndiyo, wifi."

"Kwa nini?"

Mama Hifadhi aliutazama mkono wake wa kushoto. Ni mkono tu. Wifi aliweka birika chini, akachukua kikombe cha chai ambacho mgeni hajakigusa, akaenda nacho jikoni. Hakurudi. Walisikia maji yakifunguliwa na kuachwa yatiririke.

Sekunde alirekebisha kitambaa jichoni. Kisha akasema, "Miaka ile tulipokaa nyumba moja ulikuwa unahifadhi mpaka masufuria yangu. Nikiacha ugali jikoni, nakuta umeufungia kabatini na kufuli."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sijamaliza kukasirika. Ngoja kwanza." Akavuta karatasi. "Hata saa iliyokanyagwa na gari, dada, naifungua kabla sijasema imekufa. Wewe hii umeifungua?"

"Ni takataka."

Alibana lenzi kwenye jicho lililokuwa wazi, akainama mpaka pua ikagusa karatasi. Alifuata mstari kwa ukucha. Mwanzoni ulikuwa uchungu kumtazama, mtu mzima akisoma alama za kuuliza kwa makini kana kwamba zitamjibu. Ukucha ukasimama.

"Takataka haina mpangilio. Hii inao. Kuuliza, herufi. Kuuliza, herufi. Kuuliza, herufi. Kama gurudumu lenye meno, moja limekatika, moja lipo, moja limekatika, moja lipo."

Mama Hifadhi alimnyang'anya karatasi bila adabu yoyote. Miaka yote hii kazi yake ni nusu kadi, halafu hii hakuiona. Visanduku viwili. Kisanduku cha kwanza mia moja thelathini na moja, cha pili sitini na tano.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Fundi Waya kabla fundi hajavua koti.

"Fundi, yule mtu aliyehifadhi ni mimi. Utanisema baadaye. Ile 'a' yako uliyonichorea, programu yetu ikiihifadhi, kinabaki nini?"

"Si nilikwambia, alama ya..." Waya ulimteleza Fundi Waya shingoni. "Mia moja thelathini na moja inatupwa. Sitini na tano haijavuka. Inabaki alama ya kuuliza na A."

"Kwa hiyo nusu ipo."

"Nusu ipo," alisema, na akaketi bila kutazama kama kiti kipo.

Walichapa jedwali la mtindo wa zamani, alama zote na namba zake, wakalibandika ukutani masijala. Mama Hifadhi alichukua rula na penseli. Fundi Waya alimweleza kwamba Wajapani wana maandishi ya namna tatu yanayokaa pamoja. Yako mazito yaliyotoka Uchina, na hayo yaliacha makombo hapa na pale. Yako ya mviringo, ya kuunganisha maneno, ambayo kisanduku cha pili nacho kimevuka, kwa hiyo yamekufa yote. Na yako ya pembepembe, ya kuandikia maneno ya kigeni. Hayo ndiyo yaliyoacha meno mengi.

"Majina ya metali ni ya kigeni?" aliuliza Mama Hifadhi.

"Tuone."

Kwenye ukurasa wa pili alikuta hiki: ?`?^??. Inayofuata ile ya kuuliza ni kistari kidogo kilichoinama, kama ukucha uliokatwa. Namba yake tisini na sita. Kikofia ni tisini na nne. Alishuka na rula kwenye safu ya mia moja thelathini na moja. Tisini na sita, "chi". Tisini na nne, "ta". Kisha alama moja iliyokufa visanduku vyote viwili.

"Chita nani?" alisema.

Fundi Waya alitafuta kwenye kamusi, akaigeuza simu amwonyeshe. "Chitan. Titani."

Mama Hifadhi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaifuta tena. Kama angeishia hapo, angekimbia kwa daktari na hadithi ingekuwa fupi. Lakini yeye hasomi nusu ukurasa. Mistari miwili chini yake palikuwa na hiki: ?X?e?????X. Akateremsha rula. "Su. Te. Visanduku vinne vitupu. Su."

Fundi Waya hakutaka kuitafuta hiyo kwenye kamusi. Aliitafuta. "Sutenresu," alisema. "Chuma cha pua."

Metali zote mbili zilikuwamo. Kati ya neno moja na lingine kulikuwa na alama za kuuliza tupu, bila jino hata moja, na hizo ndizo zilizokuwa maandishi ya mviringo, maneno madogo yanayosema nimetumia hiki, nimeogopa kile. Daktari mgeni alikuwa ameeleza kila kitu vizuri. Kilichobaki ni majina ya metali mbili, na kichwa cha mdogo wake katikati.

Mchana huo hakula. Alisoma mpaka mwisho, herufi moja moja, huku Fundi Waya akisimama nyuma yake na kukaa na kusimama. Karibu na mwisho wa ukurasa wa tatu alikuta ?N???b?v. Ku, kitupu, alama ya kukazia sauti, pu. "Kurippu," kamusi ikasema: kibanio. Na mara baada yake: ?S?U?|?R?O?W?|?Q.

"Go, za," alisoma kwenye safu ya mia moja thelathini na moja, akiiruka ile mistari iliyosimama. "Halafu ko, gu, ji. Halafu ge."

Fundi Waya alipapasa simu. "Goza lipo. Ni mkeka."

"Mkeka kichwani mwa mdogo wangu?"

"Ndivyo kamusi inavyosema. Koguji halipo."

Aliweka penseli. Alitazama jedwali muda mrefu, kisha akasogeza rula safu moja juu, kwenye mia moja na thelathini. Kisanduku cha kwanza kimekufa. Nani kasema kilikuwa mia moja thelathini na moja? Sabini na tisa, ambayo kwetu ni O: sifuri. Themanini: moja. Themanini na moja: mbili. Tarakimu zao, zile pana, zilizokaa kwenye visanduku viwili kama alama nyingine zote. Na ile mistari iliyosimama, safu moja juu zaidi, ilikuwa vistari. Aliandika pembeni kwa mwandiko wake wa masijala: 46-308-2.

"Hii ni namba ya kifaa," alisema.

"Au mkeka," alisema Fundi Waya, lakini kwa sauti ndogo.

Daktari alisikiliza yote amesimama. Mama Hifadhi hakuruka kitu: diski, kuhifadhi, siku tatu za kusema "bado nalishughulikia". Daktari alikaza midomo aliposikia hayo ya mwisho. "Ungeniambia siku ya kwanza," alisema, "ningeanza kutafuta njia nyingine siku ya kwanza." Mama Hifadhi alisema, "Ndiyo, Daktari," na hakuongeza. Kisha daktari alichukua rula na jedwali akasoma ule mstari mwenyewe kutoka mwanzo. Alipata namba ileile. Wakawaandikia watengenezaji wa vibanio huko Japani.

Jibu lilichukua siku mbili. Namba hiyo ilikuwapo. Ilikuwa ya kibanio cha titani, na hapakuwa na kibanio cha chuma chenye namba hiyo. Chini waliongeza mstari mmoja: wao wanathibitisha kifaa, si kichwa. Nani anathibitisha kwamba namba hii ndiyo iliyo katika kumbukumbu ya mgonjwa huyu?

Kwenye chumba cha sumaku kuna fomu, na fomu ina nafasi ya jibu hilo. Mpiga picha, mzee mmoja mkavu wanayemwita Bwana Sumaku, aliisukuma mezani. "Daktari ameshatia sahihi. Inabaki aliyesoma kumbukumbu. Jina kamili."

Mama Hifadhi alishika kalamu. Amesaini karatasi nyingi kuliko watu wote wa jengo lile. Amesaini hata ile ya kutupa diski, haraka, akiwa anaongea na mtu mwingine. Sasa aliisoma fomu yote. Aliisoma tena. Wifi yake alikuwa amesimama kando ya mlango, hawajasemezana tangu ile chai.

"Una uhakika?" aliuliza wifi.

"Nina uhakika na namba. Nina uhakika neno kibanio liko kabla yake. Kile kilichokuwa katikati nimekiua mwenyewe, wifi, sitakudanganya."

Wifi alimtazama mumewe. Sekunde alikuwa akivua mkanda. "Tumeshaifungua," alisema. "Haifungwi tena mpaka tuone ndani." Alivua saa yake, akaiweka kiganjani mwa dada yake, pamoja na lenzi na ile sumaku ya skrubu. "Nishikie. Hifadhi, lakini usihifadhi."

Mama Hifadhi akaandika jina kamili, lile la kwenye kabati.

Mlango ulifungwa. Baada ya muda mashine ilianza kugonga, ngo ngo ngo, kwa nguvu ya mtu anayebomoa ukuta. Bwana Sumaku alikuwa kwenye dirisha lake, mgongo umewageukia. Wifi aliketi benchi moja na Mama Hifadhi, pakiwa na nafasi ya mtu mmoja kati yao. Mama Hifadhi alitazama chini akaona mkono wake wa kushoto juu ya goti, vidole viwili vikigonga, tap-tap, tap-tap, bila kuambiwa. Wifi naye aliviona. Alinyoosha mkono wake akauweka juu ya vile vidole, akavibana, akavishikilia hivyo mpaka mashine iliponyamaza.

Sekunde alitoka akitembea kwa kushika ukuta. "Hakijatikisika," alisema. "Kimelala kama mimi mwenyewe."

Hakuna aliyecheka, lakini wote watatu walikaa chini kwa wakati mmoja.

Kesho yake daktari aliwaonyesha picha. Kibanio kilikuwa mahali pake. Kando yake, kwenye mshipa uleule, kulikuwa na uvimbe mpya, mdogo, ukikandamiza neva ya jicho. Itabidi afunguliwe tena kichwa, na safari hii hakuna daktari mgeni. "Nitafanya mimi," alisema. "Sitaki kuwaambia ni kazi nyepesi. Ila sasa ninajua ninakwenda wapi." Sekunde aliuliza ni lini. Daktari alisema Alhamisi. Sekunde akasema ana saa tatu za watu hajazimaliza, na wifi akamwambia watu watasubiri, wamezoea.

Mama Hifadhi alirudi masijala. Lile jedwali lilikuwa bado ukutani, na zile kurasa tatu za alama za kuuliza mezani, zikiwa na penseli kila mahali. Aliziweka kwenye faili la karatasi, jipya, kavu. Kisha akafungua ukurasa wa mdogo wake kwenye kompyuta, akaandika: kibanio kimoja, titani, namba 46-308-2. Akaandika chini yake jinsi namba hiyo ilivyopatikana, na nani aliyeharibu maelezo ya awali, na lini.

Mkono wa kushoto ulikwisha kufika kwenye kibodi. Aliuzuia. Alisoma kila neno kutoka juu, midomo ikicheza, na wauguzi wawili waliokuwa wakisubiri kadi kwenye dirisha walitazamana, kwa sababu hawajawahi kusikia masijala ile ikiwa kimya kiasi hicho.